Mlango wa Tatu kwa Tatu

Katika kanisa la Pasta Bruno, huko Kadutu, kila mtu aliyajua mapambo ya jukwaa, lakini wachache walimjua mtu aliyeyatengeneza. Isidore Cirhuza alikuwa mtu wa nyuma ya pazia. Kwa miaka kumi na tisa aliingia kanisani kwa mlango mdogo wa upande wa choo, akiwa na msumeno, misumari ndani ya kopo la maziwa, na daftari aliloandikia kwa kalamu ya risasi ili aweze kufuta akikosea. Ibada ilipoanza alikaa kwenye kiti chake cha plastiki nyuma ya pazia, akashika kamba na kungoja neno la pasta.

Pasta Bruno hakuwa mtu wa kuhubiri jambo moja Jumapili moja akaliacha. Jambo likimshika, alilishikilia Jumapili sita au saba, na mafundisho hayo aliyaita série. Kila série ilidai sura yake: jukwaa jipya, herufi kubwa za kuning'inia, kitambaa chenye jina la mafundisho juu ya lango, na picha ndogo ya kutumiana kwenye simu. Yote yalikuwa mikononi mwa Isidore. Mwaka wa safina alijenga ubavu wa chombo kwa mbao nyembamba za triplex, na watoto wakapanda humo mpaka ukapasuka. Mwaka wa bonde la mifupa alichonga mifupa mia mbili na kumi kwa frigolite, ile plastiki nyeupe nyepesi inayokuja na televisheni mpya. Ilipofika Jumapili ya nne ilikuwa imebaki thelathini; mingine ilikuwa inachezewa mitaani.

Kabla ya hapo alikuwa mwandishi wa vibao. Nusu ya maduka ya Nyawera yalikuwa na mkono wake: vinyozi, mafamasia, wauza simenti. Kisha mashine zikaja, za kuchapa bâche, yale maturubai ya plastiki, kwa saa moja, herufi zote sawa kama meno ya bandia, na wateja wakaacha kumwita mmoja baada ya mwingine bila hata kugombana naye. Yeye mwenyewe alipaka rangi juu ya baadhi ya vibao vyake ili bâche itundikwe. Lililobaki lilikuwa jukwaa. Hilo nalo, mwezi wa kumi na mbili, liliwekwa mashakani.

Pasta aliwaita yeye na Maman Gisèle, mkuu wa protocole, yaani wale wanaopokea watu mlangoni na kuwapanga kwenye mabenchi. Binti wa pasta, Carmel, alikuwa amerudi kutoka masomoni Kampala na kompyuta, na alikuwa amesema neno.

"Papa Isidore, mi nakupenda, unajua," pasta alianza. "Lakini batu banasinzia. Décor ya mwaka jana, nani alishituka? Hata Maman Gisèle alisinzia, na yeye njo anaamushaga benye kusinzia."

"Pasta, nilikuwa naomba na macho ya kufunga," Maman Gisèle akasema.

"Na kukoroma, ilikuwa kunena kwa luga?"

Wakacheka. Isidore pia alicheka kidogo, akingoja lililokuwa nyuma ya kicheko.

"Hii série ya nyumba mbili, yenye inakuja, njo ya mwisho ya kujaribu. Kama batu habashituke, mwezi wa tatu tunaweka écran, ile televisheni kubwa ya ukutani. Carmel anasema picha zitakuwa zinatembea zenyewe."

"Watashituka," Isidore akasema.

Pasta akamwonyesha kwenye simu alichokitaka: nyumba mbili nyeupe, moja juu ya mwamba, nyingine juu ya mchanga, na mitende pembeni. Isidore aliitazama picha ile muda mrefu kama mtu anayesoma barua.

"Pasta, huku kwetu mchanga haijaua mutu," akasema. "Kyenye kinaua batu ni udongo. Mvua ikianza kupiga bati, kila mutu wa hapa anaamuka, anasikiliza nyuma ya nyumba yake. Tuwape nyumba yenye banajua."

Pasta Bruno akampiga begani. "Hiyo sasa njo kazi. Fanya."

Akafanya. Kushoto mwa jukwaa alijenga nyumba ya mawe, kwa triplex na rangi tatu za kijivu. Kulia alipanga magunia yakawa mteremko, akayapaka rangi ya udongo mwekundu, na juu yake akaamua kusimamisha nyumba ya mbao kama zile zilizojazana kwenye miteremko ya Kadutu, bati moja likiegemea jingine. Mbao mpya zilimkataa, zilinukia duka. Akashuka chini ya soko, mahali panapouzwa mbao zilizokwisha kutumika, akazichagua moja moja kwa siku mbili. Daftarini aliandika: *Mbao 22, mikaratusi, zimepauka. Mlango 1, sentimita 188 kwa 74, rangi ya bluu chini ya kahawia. Bawaba ni za mpira wa tairi.*

Kwenye mlango huo palikuwa na maandishi ya chaki: E 14, kisha mshale, kisha 3/3. Kwa watu wa Kadutu hayo hayahitaji mtu wa kuyaeleza. Watu wa chanjo hupita nyumba kwa nyumba na kisanduku chao cha baridi, hudondosha matone midomoni mwa watoto, na wakitoka huandika mlangoni namba ya nyumba na hesabu ya watoto: watatu wapo, watatu wamepata. Chanjo ya mwisho ilikuwa mwezi wa kumi. Isidore aliona kwamba chaki ile, kuliko ubao wowote, ndiyo itakayowafanya watu waamini. Hakuifuta. Aliinakili daftarini kwa kipimo chake kamili, urefu na upana, ili kama ingefutika kazini aweze kuirudisha.

Mtu yule alipima kila kitu. Lakini hakumuuliza muuzaji mlango ule umetoka wapi.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kwanza watu walijaa mpaka uani. Tangu mji ulipoingiwa na wenye bunduki wengine, makanisa yote yalijaa. Pasta alihubiri juu ya mtu aliyejenga bila kuchimba. Akaleta mvua, akaleta upepo, akainua mkono na kulitamka neno waliloagana: "Ikalala!"

Isidore akavuta kamba. Ukuta wa mbele, mlango ukiwa katikati yake, ukaanguka chali juu ya magodoro aliyoyaficha, ili usivunjike na utumike Jumapili zote sita. Kuta nyingine zikafuata, bati likapiga kelele, na vumbi la udongo mkavu alilolipanga juu ya dari likapanda kama moshi.

Sauti ya mwanamke mmoja ikasikika. Haikuwa sauti ya kulia, wala ya kuomba. Aliita majina matatu, kama mama anavyoita watoto chakula kinapokuwa tayari: "Murhula! Ansima! Christophe!" Akarudia, safari hii kwa ukali kidogo, kama walioitwa wanachelewa makusudi. Ndipo kanisa zima lilipolipuka. Watu walipiga magoti, wengine wakakimbilia mbele. Mwanamke yule alianguka. Watu wa protocole wakambeba nje, wakamwekea mikono, wakaiamuru roho iliyo ndani yake imtoke.

Baada ya ibada pasta alimkumbatia Isidore huku shati lake likidondosha jasho. "Papa Isidore! Umeona? Écran ingoje kwanza!"

Isidore alibaki peke yake akisafisha magodoro, akipiga mluzi. Alipofungua mlango mdogo ili atoke, mwanamke yule alikuwa amekaa kwenye jiwe, kitambaa cha kichwa kikiwa mapajani. Umri wake ulikuwa kama miaka thelathini na tano.

"Ni weye njo ulitengeneza ile nyumba?"

"Ni mimi, maman."

"Naitwa Francine. Mulango ulitoa wapi?"

Akamwambia. Francine akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa akijua na alitaka tu kusikia.

"Ile mulango ni yangu. E 14. Tatu kwa tatu ni batoto yangu." Akasema bila kuinua sauti. "Mwezi wa kumi na moja, ile mvua ya siku mbili. Mi nilikuwa nimetoka asubui kupokea ndizi kwa mashua ya Idjwi. Nilirudia nikakuta mulima imeingia ndani. Yote ilienda chini. Ni mulango tu njo nilikuta. Ilikuwa imesimama, imeegemea ukuta ya jirani, bati juu yake, kama mutu amesimama ananingojea. Wakati nilikuwa kwa kilio, batu bakachukua mbao, bakaenda kuuzisha."

Isidore akageuka kuurudia mlango mdogo.

"Nitaitosha pale jukwaani leo leo, maman. Nitakuletea."

"Uniletee wapi? Naishi kwa muke wa kaka yangu huko Panzi, tunalala saba mu chumba. Uiache hapa. Hapa naweza kuja kuiona." Akasimama, akafunga kitambaa. "Naomba kitu kimoja. Usiangushe tena. Siku ile mulima haikuiangusha, papa. Ni weye njo uliangusha."

"Haitaanguka tena," Isidore akasema. "Nakupa neno langu."

Jumanne alimweleza pasta. Pasta Bruno alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alifumba macho, akasema watamchangia mama huyo unga na nguo. Lakini kuhusu mlango alikataa.

"Huyu maman, Mungu anamugusa kupitia ile mulango. Ukiitosha, unamukatia njia. Na nyumba bila mulango, batu bataona nini? Weye fanya tu kama Jumapili."

"Anaomba isianguke, pasta."

"Nyumba ya mupumbavu inaangukaka yote. Siwezi kugeuza injili juu ya mulango."

Isidore hakubishana. Hakuwahi kubishana na pasta, na aliogopa kwamba akisema neno moja zaidi, la pili litakuwa écran. Usiku hakulala vizuri. Alhamisi asubuhi aliamka na wazo, akalichora daftarini hata kabla ya chai. Kuta zitaanguka zote, kama pasta anavyotaka. Mlango tu utabaki ndani ya fremu yake, ukiegemezwa kwa nyuma na boriti nyembamba iliyofunikwa na kitambaa cheusi, na boriti hiyo itashikwa sakafuni na kigingi kimoja cha mti. Watu wataona nyumba yote imelala na mlango umesimama peke yake. Labda pasta mwenyewe ataliona na atapata neno la kusema juu yake. Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi alichonga, akapima, akajaribu kamba mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja mlango ulisimama. Siku hizo tatu zilikuwa njema. Mke wake, Emérence, alimletea viazi vitamu mchana wa Jumamosi, akamkuta ameketi sakafuni anautazama tu.

"Weye na mulango, mutafunga ndoa lini?" akamtania.

"Nimepata namna," akajibu. "Nimepata namna ya kuokoa vyote viwili."

Jumapili ya pili Francine alikaa benchi la pili, upande wa kulia. Isidore alimwona kupitia tundu la pazia. Alikuwa amevaa vizuri, mikono mapajani, na tangu nyimbo za kwanza macho yake hayakutoka kwenye chaki. Kuna wakati alitabasamu.

Pasta akaleta mvua, akaleta upepo. "Ikalala!"

Isidore akavuta. Kuta zikaenda, bati likalia, vumbi likapanda. Liliposhuka, mlango ulikuwa umesimama katikati ya mbao zilizolala, mwembamba, haukutikisika.

Mzee mmoja wa nyuma akasema kwa sauti: "Eeh! Iyo mulango iko na imani kutupita!"

Kanisa likacheka. Kilikuwa kicheko chema, cha watu waliokuwa wameogopa wiki nzima, lakini kilienea kama moto kwenye majani makavu, na Isidore aliona bega la pasta likikaza. Mahubiri yalikuwa yanamtoka mikononi. Pasta Bruno akatabasamu, akageukia pazia.

"Papa Isidore! Kuja huku mbele. Kuja! Wandugu, munajua nani anatutengenezeaga hivi vyote tangu miaka kumi na tisa? Mumupigie makofi!"

Makofi yakapigwa. Wanawake wakapiga vigelegele. "Papa Décor! Papa Décor!" vijana wa kwaya wakaita. Isidore akatoka kwenye mwanga akiwa na vumbi kichwani. Hakuwahi kusimama pale mbele ya watu. Hakujua aweke wapi mikono.

"Papa Isidore," pasta akasema kwenye mikro, akicheka bado, "Bwana alisema nyumba ya mupumbavu ilianguka nusu?"

"Hapanaaa!" kanisa likajibu.

"Basi malizia kazi."

Palikuwa na hatua nne mpaka kwenye kigingi. Isidore alizipiga. Akainama. Kutoka hapo aliweza kuona benchi la pili bila kuinua kichwa sana, na aliliangalia. Francine hakuwa analia, wala hakutikisa kichwa kumkataza. Alikuwa anamtazama kwa utulivu, kama unavyomtazama mtu aliyekwisha kukupa neno lake, na huna wasiwasi.

Angeweza kusimama akasema: mlango huu una mwenyewe. Maneno hayo hayakuwa mengi. Baadaye, nyumbani, aliyahesabu: manne. Lakini watu mia nane walikuwa wanapiga makofi kwa pamoja, pasta alikuwa ameshika mikro, na nyuma ya pasta Isidore aliona ukuta mtupu ambapo écran ingetundikwa. Aliona kiti chake cha plastiki. Mkono wake, ambao kwa miaka kumi na tisa ulikuwa umefanya kile pasta alichokitamka, ukavuta kigingi.

Kwa kuwa nyuma kulizibwa na boriti, mlango ulikuwa na upande mmoja tu wa kuangukia. Ukaanguka mbele, kifudifudi, juu ya zulia jekundu. Kanisa likasimama likishangilia.

Alipoinua macho, nafasi ile ya benchi la pili ilikuwa wazi. Safari hii hakuna aliyehitaji kumbeba. Alikuwa ametoka kwa miguu yake.

Watu walipokwisha kutawanyika, Isidore aliuinua mlango. Mbao zilikuwa tupu. Palibaki ukungu mweupe tu pale palipokuwa na namba. Chaki ilikuwa kwenye zulia. Ilikuwa imejichapa pale kinyume, tatu mbili zikiangalia upande usio wao. Alisimama juu yake ili mtu asipite. Halafu akakimbia kutafuta kitu cha kuifunikia, hata gunia, na aliporudi Maman Gisèle alikuwa ameshafika na ufagio wake, kama kila Jumapili, amefagia mpaka ukingo wa jukwaa.

"Ulimwaga nini hapa, Papa Isidore? Unga?"

Jumapili ya tatu hawakuiangusha nyumba. Pasta alisema imekwisha kufanya kazi yake, watu wasije wakazoea. Na mwezi wa tatu écran ikaja, zawadi ya waumini walioko ng'ambo. Hakuna aliyemfukuza Isidore. Carmel alimwonyesha kwa heshima jinsi picha zinavyotembea zenyewe: mvua, upepo, nyumba ikibomoka na kujijenga tena kila ukibonyeza. "Papa, kama unataka nikufundishe, njoo tu," akasema. Alimaanisha. Isidore akamshukuru, akachukua msumeno, kopo la misumari, na akaomba apewe mlango. Akapewa.

Nyumbani aliulaza juu ya stuli mbili. Alifungua daftari penye ule mchoro wa chaki, akapima kutoka ukingo wa juu na wa kushoto, akaandika: E 14, mshale, 3/3. Kazi ya robo saa. Aliporudi nyuma kuutazama, vipimo vyote vilikuwa sahihi, na maandishi yalikuwa mazuri. Tatu zilikuwa na tumbo la mviringo na mkia wa madaha, tatu za famasia ya Nyawera. Akafuta, akaandika ovyo kwa haraka. Zikatoka nzuri tena. Akajaribu mkono wa kushoto. Zikawa mbaya, lakini kwa ubaya usiofanana. Mwishowe akaurudia ule mwandiko wa daftari, taratibu, akauacha.

Asubuhi ya Jumatatu akajitwika mlango mgongoni kwa kamba, akatembea nao mpaka Panzi. Aliuliza mara nyingi kabla ya kufika. Francine alikuwa anafua uani. Aliposikia hodi aligeuka, akamwona mtu ameinama chini ya mlango, akafuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni.

Isidore akautua, akauegemeza ukutani. Alikuwa ameandaa maneno njia nzima. "Maman," akasema, na hapo yakaisha.

Francine akasogea. Akapitisha kidole hewani karibu na chaki bila kuigusa, kuanzia herufi mpaka namba ya mwisho.

"Umeandika muzuri, Papa Isidore," akasema. "Ule wa chanjo hakuandikaka muzuri. Alikuwa na haraka, na Christophe alikuwa anamuvuta suruali wakati anaandika ile tatu ya mwisho. Njo maana ilikuwa imelala."

Kisha akarudi kwenye beseni, akachukua nguo aliyoiacha, akaikamua.

"Rudi nayo," akasema, mgongo ukiwa umemgeukia. "Hapa haiko fasi."

Isidore akausogelea mlango. Akapiga goti, akapitisha kamba mabegani, akausimamisha mlango mgongoni. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Karibu na soko la Panzi wabebaji mizigo waliokaa kivulini wakamwona anavyopita, mzee mwembamba chini ya mlango mwenye namba.

"Papa!" mmoja akamwita. "Umepata mulango, sasa nyumba iko wapi?"

Wenzake wakacheka. Isidore alisimama, kwa kuwa lilikuwa swali na yeye alikuwa mtu wa kujibu maswali. Alifikiri. Kamba ilikuwa inamkata mabega. Akaisogeza kidogo, akaendelea kupanda.